Mshahara wangu kwenye karatasi, wake kwenye bahasha

Watu wakijua nimepita mahakamani kwa ajili ya talaka, swali la kwanza huwa hilohilo: "Ulipewa shilingi ngapi za watoto?" Huwa nawatajia, si siri. Laki mbili na nusu kwa mwezi kwa watoto wawili, ada ya shule ikilipwa mbali. Kisha namwona muulizaji anapiga hesabu zake kimoyomoyo, kana kwamba matunzo ya mtoto nayo yana bei elekezi kama petroli. Hayana. Hakuna mahali katika sheria za Tanzania palipoandikwa kwamba mtoto mmoja ni kiasi fulani, au kwamba baba akatwe asilimia fulani ya kipato chake. Kina mama wawili wanaweza kutoka mahakama moja, wiki moja, kila mmoja na watoto wawili, mmoja kapewa elfu themanini na mwingine laki nne, na hakimu asiwe amekosea popote.

Kwa hiyo namba yangu haikusaidii kitu. Labda kitakachokusaidia ni kujua ilivyopatikana.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa Moshi mjini. Baba watoto anaongoza wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2007, tukaachana mwaka 2017 nilipohamia nyumba ya kupanga Pasua na watoto wetu wawili. Kilichotutenganisha sitakiandika, watoto wangu wanajua kusoma na simu wanazo.

Kabla ya mahakama kuna ngazi mbili, na moja tu ndiyo ya kisheria. Ya kwanza ilikuwa kikao cha ukoo Kibosho. Baba mkwe, mzee ninayemheshimu mpaka leo, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, hawa watoto ni wa boma hili. Hawatalala njaa." Na sikuwa na shaka naye. Lakini nilimuuliza kwa adabu, "Baba, ada ya Januari nitaiomba kwa nani?" Wazee wakaangaliana, kikao kikahamia kwenye habari ya migomba.

Ngazi ya pili ni Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Hapo usiruke. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataka mgogoro upite barazani kwanza, na baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kusema hivyo. Baraza linaweza kuwa la kata, la kanisa au, kwa Waislamu, la BAKWATA. Sisi tulikwenda la kata. Wasichoambiwa wengi ni kwamba hati hiyo ina umri: ikifika mahakamani lazima iwe haijapita miezi sita tangu itolewe. Nilikaa benchi moja na dada wa Kiborloni aliyeitunza ya kwake kabatini akisubiri mumewe apoe. Alipochoka kusubiri, hati ilikuwa imeshachacha, akarudishwa barazani kuanza upya.

Maombi yangu ya talaka niliandikiwa bure na wasaidizi wa kisheria. Moshi tuna bahati kwa hilo. Mashirika kama KWIECO yamekuwa yakisaidia wanawake wa Kilimanjaro tangu miaka ya themanini, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua rasmi hao wasaidizi wanaokuandalia karatasi na kukuelekeza hata kama si mawakili. Yule mama aliyeniandikia aliniuliza maswali ya talaka kwa nusu saa, halafu akakaa na mimi kwenye suala la watoto mpaka jua likazama. Nilidhani anapoteza muda.

Nani akae na watoto halikutusumbua sana. Sheria inasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia, na aliye chini ya miaka saba inachukuliwa kuwa ni heri akae na mama, mpaka ithibitike vinginevyo. Binti yetu alikuwa na miaka mitano. Kaka yake alikuwa na kumi, hakimu akamwita ofisini peke yake wakaongea. Mpaka leo sijui walisema nini, na sijamuuliza. Afisa ustawi wa jamii alikuja Pasua bila kupiga simu, akaangalia vitanda, choo, maji yanakotoka, akamuuliza binti nani anamsuka. "Mama, lakini anavuta sana." Nadhani na hilo liliingia kwenye ripoti.

Kazi ilikuwa kwenye pesa.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Kipato changu kiko wazi kama ubao wa darasani. Hati ya mshahara inaonyesha kila kitu: kodi, mfuko wa pensheni, bima ya afya, asilimia mbili ya Chama cha Walimu, marejesho ya mkopo wa benki niliokopa tukiwa bado pamoja, na kinachobaki, ambacho hakikufika laki nne. Kipato cha mwenzangu kilikuwa kwenye bahasha. Watu wa mlima wanalijua hili. Kampuni inamlipa mwongozaji kwa safari, siku sita au saba za njia ya Machame kwa kiwango cha siku, na kiwango hicho si kikubwa. Pesa yenyewe ni tipu, ambayo wageni huitoa siku ya mwisho wakishashuka, kwa dola, na hairekodiwi popote. Miaka kumi nimekuwa nikizihesabu dola hizo mezani kwangu. Najua msimu mzuri unaleta nini. Lakini kujua kwangu si ushahidi.

Wakili wake alikuwa kijana mpole, na alinihoji bila kunivunjia heshima.

"Mwalimu, wewe ni mtumishi wa umma?"

"Ndiyo."

"Unapata mshahara kila mwezi, mvua inyeshe, jua liwake?"

"Ndiyo."

"Na mteja wangu mwezi wa nne na wa tano, masika, anapandisha wageni wangapi?"

Nikasema wachache, wakati mwingine hakuna. Ni kweli, na nilikuwa nimeapa. Alichokuwa anajenga kilionekana: mama ana uhakika, baba hana, basi mama abebe zaidi.

Hapa sheria mbili zinakutana, na ni vizuri uzijue zote. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinamtwika baba kwanza: malazi, mavazi, chakula na elimu ya mtoto, kwa kadiri ya uwezo wake na hadhi yake ya maisha. Mama anaingia pale baba anapokuwa amefariki, hajulikani alipo, au hana uwezo. Kisha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 44, inamtaka hakimu atazame kipato na mali za wazazi wote wawili, kitu chochote kilichopunguza uwezo wa mzazi kuchuma, watoto wengine anaowajibika nao, na gharama za maisha za pale mtoto anapoishi. Wakili wake alisimama juu ya ya pili. Wa kwangu, maana kufikia hapo nilikuwa nimemweka, alianzia ya kwanza. Hakimu alizisoma zote mbili, na mwisho mzigo mkubwa ukabaki kwa baba, sehemu nikabeba mimi.

Hiyo ya "watoto wengine" ilinichoma. Baba watoto ana mtoto Usa River ambaye mama yake si mimi, na wakili aliwasilisha cheti chake cha kuzaliwa mbele ya watu wote. Nilitamani hakimu akitupe dirishani. Alikipokea kikawa kielelezo. Baadaye, hasira zikishatulia, nikaona asingeweza kufanya vingine. Yule mtoto anakula kama wa kwangu.

Sasa bahasha. Tungeithibitishaje? Wakili wangu aliomba mahakama impelekee samansi mhasibu wa kampuni. Akaja na barua: malipo ya siku, idadi ya safari kwa mwaka, basi. Tipu "haziihusu kampuni." Nilimwendea mgumu mmoja, yaani mpagazi, aliyewahi kubeba mizigo kwenye safari za mwenzangu, nikamwomba aje kusema tu jinsi tipu zinavyogawanywa. Akaniambia, "Mwalimu, nikisema mahakamani, mlima nitausikia redioni." Sikumlaumu.

Mama wa msaada wa kisheria ndiye aliyenigeuza kichwa. Aliniambia niache kutafuta anachopata, nionyeshe alichokuwa anatumia. Mtu anayedai hana pesa, lakini miaka mitatu mfululizo kalipa ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza kwa mtoto mmoja na chekechea kwa mwingine, stakabadhi zikiwa na jina lake, amejipima mwenyewe. Nikazitafuta. Nyingine zilikuwa chini ya godoro, nyingine shule ilinichapia upya. Taarifa ya miamala ya simu nayo ilionyesha pesa alizokuwa akinitumia akiwa getini baada ya safari: Agosti nono, Novemba nyembamba, Januari nono. Kwa wenye picha za skrini za WhatsApp, jueni kuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Huwezi tu kuinua simu ukamwonyesha hakimu. Inabidi uonyeshe ujumbe ulitoka wapi, ulihifadhiwaje, na kwamba haujachezewa. Wakili atakuandalia kiapo.

Upande wa mahitaji ya watoto nilipeleka kitu ambacho wakili wangu mwenyewe alikionea aibu: daftari la Mangi.

Mangi ni mwenye duka la mtaani kwetu, nakopa kwake tangu nimehamia. Daftari lake ni lile la mistari, kava limeng'oka, limeshonwa kwa uzi wa kiroba. Kila ukurasa una tarehe, kitu na bei. Unga kilo mbili. Mafuta ya kupima. Maziwa nusu lita, maziwa nusu lita, maziwa nusu lita, mwezi mzima. Daftari la kaunta mbili. Sabuni ya kipande. Panadol ya maji. Mangi alikubali kuja kulitambua, akafunga duka asubuhi nzima, akavaa koti. Hakimu alilifungua akalisoma kimyakimya kwa muda ambao niliona mrefu kuliko ndoa yangu. Kisha akainua kichwa.

"Mwalimu, hapa naona 'vocha, elfu mbili'. Nayo ni ya mtoto?"

Watu wakacheka. "Hapana, mheshimiwa. Hiyo ni yangu."

"Na 'soda kreti moja, Desemba'?"

"Ya Kipaimara cha mtoto wa dada yangu, mheshimiwa."

Akavipigia mstari kwa penseli. Lakini vilivyobaki vilibaki. Kwenye hukumu yake alisema bajeti ya upande wangu ina mizizi kwenye manunuzi ya kila siku, ilhali upande wa pili umetaja jumla bila mchanganuo. Mwenzangu alikuwa amesema watoto wawili wanatosha kwa elfu themanini. Alipoulizwa maziwa yanauzwaje Moshi, alitaja bei ya zamani.

Elimu nilishindwa nusu. Nilitaka mkubwa aendelee shule ya kulipia. Wakili wa mwenzangu alikumbusha kwamba tangu mwaka 2016 shule za serikali hazina ada, na akaongeza, kwa utani uliokuwa na mwiba, kwamba mama mtoto anafundisha huko huko. Hakimu alikataa mtoto atolewe katikati ya mwaka. Akasema kwa kuwa baba ndiye aliyemchagulia shule ile na akamudu kuilipia, aendelee mpaka amalize darasa la saba, alipe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Mdogo aende ya serikali. Matibabu yakaachwa kwangu, kwa sababu bima yangu ya watumishi inabeba mwenza na wategemezi wanne, na watoto tayari walikuwa kwenye kadi. Hakimu alilihesabu kama mchango wangu. Kina mama watumishi, litajeni hili. Makato ya bima kwenye hati ya mshahara ni pesa ya mtoto.

Kwenye msimu, wakili wake alipendekeza alipe zaidi Julai hadi Oktoba na asilipe kitu masika. Hakimu alikataa. Kiwango kiwe kimoja mwaka mzima, na baba ajiwekee akiba msimu ukiwa mzuri. Nilikubaliana naye hapo, maana anayekaa na watoto masika ni mimi.

Kuna jambo ambalo wengi hulikosa kwa kusubiri hukumu. Shauri la talaka linaweza kuchukua mwaka na zaidi, linatajwa, linaahirishwa, wakili ana kesi Mahakama Kuu, hakimu yuko likizo. Muda wote huo watoto wanakula. Unaruhusiwa kupeleka maombi madogo, yenye hati ya kiapo, ukiomba matunzo ya muda wakati shauri kubwa linaendelea. Sisi tulipata laki moja na nusu kwa mwezi kwa njia hiyo. Haikutosha, lakini ilimzoesha mwenzangu kulipa kwa tarehe, na hukumu ilipotoka haikuwa jambo geni kwake.

Sasa gharama za wakili, ambazo naona zinawaumiza watu kuliko talaka yenyewe.

Mwanzoni nilidhani nitajitetea mwenyewe. Hakuna kinachokuzuia, na ukianzia Mahakama ya Mwanzo ni rahisi zaidi kwa mtu asiye na wakili. Tulikuwa Mahakama ya Wilaya, mwenzangu kaja na wakili, na lilipofika suala la nyumba tuliyojenga kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake nikaona maji yamezidi unga. Nilimweka wakili kwa makubaliano ya maandishi: jumla ya pesa kwa shauri zima, nilipe kwa awamu kila mshahara unapoingia, na nini hakimo. Wapo wanaotozwa kwa kila siku ya kufika mahakamani. Ukikubali hivyo, kila ahirisho linalipiwa na wewe.

Kwenye maombi yangu tuliandika, kama kawaida ya maombi yote, kwamba mdaiwa alipe gharama za shauri. Na yeye kwenye majibu yake aliomba mimi nilipe. Mama yangu mdogo, aliyeniuzia ng'ombe wake ili nimalizie awamu ya mwisho, alikuwa na hakika pesa itarudi. "Si umeshinda?" Nilishinda, ndiyo. Mstari wa mwisho wa hukumu ukasema kila upande ubebe gharama zake.

Hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Kwa mashauri ya kawaida ya madai, anayeshinda kwa kawaida hulipwa gharama zake, lakini Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamwachia hakimu uamuzi, na kwenye mambo ya ndoa mahakama nyingi huona kwamba watu hawa wataendelea kulea pamoja, kuwaongezea deni jingine ni kuwagombanisha upya. Mimi naona pana haki na pana dhuluma hapo. Ni haki kwa mtu kama mwenzangu, ambaye alibishana kwa nia njema. Ni dhuluma pale mume anapoburuza shauri makusudi akijua mke ataishiwa pesa kwanza, na nimeona shauri la namna hiyo kwa macho yangu. Hakimu ana uwezo wa kumtoza mtu wa aina hiyo, ila wakili wako lazima aweke kwenye kumbukumbu kila ahirisho lilisababishwa na nani.

Hata ukipewa gharama, pesa haziji zenyewe. Unapeleka hati ya madai ya gharama ndani ya siku 60, na afisa wa mahakama anaipitia mstari kwa mstari kwa viwango vya Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015. Ulimlipa wakili milioni tatu? Anaweza kukubali sehemu tu. Hukuchukua risiti ya mashine? Umejitakia. Ng'ombe wa mama mdogo nimemlipa mwenyewe, taratibu, na bado ananikumbusha alivyokuwa na maziwa mengi.

Nyumba na vyombo sitavieleza kwa urefu. Tangu kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za mke nyumbani zinahesabika kama mchango katika mali ya ndoa, na hilo lilinisaidia. Ila usichanganye madaftari. Mgawo wa mali ni wa wanandoa, matunzo ni ya mtoto. Mwenzangu aliwahi kupendekeza nichukue sehemu kubwa ya samani na yeye asilipe matunzo. Wakili wangu hakunipa hata nafasi ya kufikiria. Kabati haliwezi kumfuta mtoto kwenye sheria.

Hukumu ilitoka mwaka 2019, kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyoleta Kiswahili mahakamani. Kilichofuata baada ya hapo hakuna aliyenitayarisha nacho.

Mwezi wa tatu baada ya hukumu, baba watoto alishuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi, nusu gunia la mahindi na kuku wawili. Tulipokea, tulishukuru, watoto walifurahi. Mwisho wa mwezi akaweka benki elfu hamsini pungufu. Nikampigia.

"Mama Junia, si nilileta vitu?"

"Baba Junia, ulileta zawadi kwa wanao, Mungu akubariki. Amri inasema pesa."

Akanyamaza, akalipa siku ya pili. Ndiyo maana tuliomba matunzo yapitie akaunti ya benki. Si kwamba namwona mwongo. Siku tukibishana, taarifa ya benki inatukatia shauri bila kumwita mtu. Mara moja alichelewa miezi miwili, nikapeleka maombi ya kukaza hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa. Kabla ya tarehe ya kusikilizwa deni lilikuwa limeisha.

Halafu ikaja corona. Machi 2020 shule zikafungwa, Aprili ndege za kimataifa za abiria zikasimamishwa, na hata zilipofunguliwa Mei, wageni hawakuja. Getini Machame kukawa kama kijiji kilichohamwa. Mwenzangu alianza kuuza mkaa Majengo. Alipopeleka maombi ya kupunguziwa, dada zangu walinitaka nipambane. Sikupambana sana. Amri ya matunzo hurekebishwa hali ikibadilika, kwa mlipaji na kwa mpokeaji, na hali ilikuwa imebadilika mbele ya macho ya dunia nzima. Safari hii alikuja na karatasi: barua ya kampuni, taarifa ya benki iliyokauka, mkataba wa kibanda cha mkaa. Hakimu, ambaye si yule wa kwanza, akashusha kiwango hadi laki moja na ishirini kwa miezi sita, kisha kirudi palepale bila kuhitaji maombi mapya. Hilo la kurudi lenyewe aliliomba wakili wangu, na lilikuwa la maana kuliko namba. Bila hilo ningelazimika kufungua maombi mengine wageni walipoanza kurudi, na wakili mwingine wa kulipa.

Na mimi nimeshakwenda mahakamani kuomba nyongeza, mdogo alipoanza sekondari ya bweni. Nilikwenda na orodha ya shule ya vifaa, nauli za likizo, na daftari jipya la Mangi. Nikaongezewa elfu sitini. Wakili hatukuweka, si mimi wala yeye.

Mwaka huu kijana wetu anatimiza miaka 18, yuko kidato cha tano. Kwa kawaida amri ya matunzo hukoma mtoto akifika umri huo, lakini Sheria ya Mtoto inairuhusu mahakama kuiendeleza kama mtoto bado yuko masomoni. Nilimpigia baba yake wiki iliyopita nikamweleza. Akasema, "Mama Junia, huyo ni kidume changu, mpaka chuo nitamlipia, mahakama ya nini tena?" Namwamini. Msimu umekuwa mzuri, na kijana anapanda naye mlimani likizo. Nikamwambia asante. Jumatatu, baada ya vipindi, napeleka maombi.